Bima ya Mifugo Isiolo: Hesabu Ilivyobadilishwa Njiani

Bima ya mifugo ilipofika Isiolo, Kenya, mwaka 2013, hesabu ya kukadiria vifo kwa satelaiti, iliyoijengea jina katika kaunti jirani ya Marsabit, haikuhamishika nzima. Hapo ndipo penye uhandisi hasa, ingawa walioifanya kazi hiyo ni wanauchumi.

Uhandisi huo una fani yake, utambuzi wa mifumo. Lennart Ljung, profesa wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, na mwandishi wa kitabu cha 1987 kinachotegemewa na fani hiyo nzima, alijenga utafiti wake juu ya swali hili: ukijua kinachoingia katika mfumo na kinachotoka, utaandikaje mlinganyo wa kilichomo? Sharti la fani hiyo ni gumu. Takwimu za pande zote mbili ziwepo, na modeli ijaribiwe kwa takwimu ambazo haikujengwa nazo.

Marsabit, Andrew Mude wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na wenzake Sommarat Chantarat, Christopher Barrett na Michael Carter walilitimiza sharti hilo. Kinachoingia ni ukijani wa malisho unaoonwa na satelaiti, wenye kumbukumbu tangu 1981. Kinachotoka ni vifo vya mifugo, ambavyo mradi wa serikali wa maeneo kame ulikuwa ukiviandika kila mwezi kutoka kwa kaya. Mlinganyo mmoja haukutosha: uhusiano wa ukijani na vifo katika msimu mwema si ule wa msimu mbaya, hivyo wakaitenga misimu hiyo. Kisha wakaipima modeli kwa takwimu za utafiti mwingine kabisa. Bima ikaanza kuuzwa Januari 2010, na fidia ya kwanza ikalipwa Oktoba 2011.

Nje ya Marsabit, takwimu za vifo za kuaminika kiasi kile hazikuwepo. Kukopa mlinganyo wa jirani kungekuwa rahisi, na kungekuwa kosa. Wakaviacha vifo, wakapima malisho peke yake: msimu hulinganishwa na historia ya eneo lilelile. Katika KLIP, mpango wa serikali ulioanza 2015, fidia ililipwa ukijani ulipoangukia katika moja ya tano ya misimu iliyo mibaya zaidi. Faida ni kubwa, maana fedha zinaweza kufika ng'ombe akiwa bado hai, mfugaji akanunua nyasi, maji na dawa.

Gharama yake haisemwi sana. Modeli isiyotabiri kifo haiwezi kusutwa na kifo. Mathenge, kichaka vamizi, ikisitawi kandokando ya mto, satelaiti huona kijani tu, wakati mbuzi haponi kwa kijani hicho.

Uamuzi wa kuviacha vifo ulikuwa sahihi, ila majaribio yasiishie hapo. NDMA, mamlaka ya serikali ya kukabiliana na ukame, hukusanya taarifa za mifugo Isiolo kila mwezi. Zitumike kukipima kipimo cha malisho kila msimu, na matokeo yasomwe barazani Merti na Garbatulla kabla wafugaji hawajaombwa kulipia bima tena.