Kibarua, Ujira na Siku ya Mtu: Kusoma Tena Vitabu Viwili vya 1987

Mwaka 1987 vilitoka vitabu viwili juu ya pwani yetu, vyote vikiwa vimechota katika fikra za Karl Marx. Cha Abdul Sheriff, Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar, chahusu biashara ya Unguja tangu 1770 hadi 1873. Cha Frederick Cooper, On the African Waterfront, chahusu makuli wa bandari ya Mombasa chini ya Waingereza. Safari hii tumevisoma tukiwa Okolona, kusini mwa Louisville, Marekani, katika nyumba ambayo vijana hulala mchana kwa kuwa usiku kucha hupanga mizigo ya ndege.

Sheriff hakuridhika na historia ya masultani. Aliuliza faida ilikwenda wapi. Bei ya pembe za ndovu ilikuwa ikipanda, bei ya nguo za viwandani haikupanda nayo, na mfanyabiashara wa kati akavuna tofauti. Kwetu sisi hesabu hiyo ingali imara. Lakini mtumwa wa shamba la karafuu humo ni nguvukazi: anahesabiwa, hasikiki.

Cooper alisogea karibu zaidi. Alitambua kwamba ugomvi wa Mombasa haukuwa wa shilingi peke yake, bali wa nani anamiliki siku ya mtu. Kibarua aliweza kufanya kazi siku kadhaa, kisha akashughulika na mambo yake. Baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, serikali ilizidi kutaka mfanyakazi wa kudumu, anayejulikana na kusimamiwa. Hapa njia ya Marx imezaa matunda. Hata hivyo, kuli anatufikia zaidi kupitia nyaraka za wakubwa wake.

Kasoro ya wote wawili ni moja: lugha hawakuipa nafasi ya shahidi. Kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19 watumwa waliopelekwa kazi za kutwa waliitwa vibarua, na sehemu ya ujira wao ikachukuliwa na bwana. Utumwa ulipokomeshwa, Unguja 1897, jina likabaki kwa mtu huru. Ujira nao, kwa asili yake ya Kiarabu, ajr, ni malipo ya kazi na pia thawabu. Aliyepunjwa ujira hadai fedha tu, anadai haki. Shafi Adam Shafi, katika riwaya yake Kuli ya 1979 juu ya makuli wa Unguja na mgomo wa 1948, aliwapa watu hao sauti ambayo wanahistoria hawakuwapa.

Vijana wetu ughaibuni kazi yao huiita kubeba boksi, hata asiyegusa boksi. Mwanahistoria wa kesho atakuta saa zao na idadi ya vifurushi vimeandikwa barabara. Akiishia hapo, atajua walilipwa kiasi gani, asijue kwa nini walijicheka.