Umeme Ulikwenda Wapi: Uchambuzi wa Sakiti ya Stanley Meyer

Stanley Meyer, mtu wa Grove City katika jimbo la Ohio, Marekani, aliyepata hataza mwaka 1990 kwa njia yake ya kutoa gesi ya kuwaka katika maji, alidai kwamba mipigo ya umeme ikipitishwa katika koili zilizopangwa barabara huyapasua maji kwa nguvu ndogo kuliko ile ipatikanayo gesi hiyo ichomwapo. Na mwaka 1996, aliposhitakiwa na watu wawili waliomkabidhi fedha zao, mahakama ya Ohio iliona kuwa hiyo ni hadaa iliyo bayana, ikamwamuru arejeshe dola 25,000. Walakini hukumu haikuzima hamu ya mafundi ambao hata leo husuka koili vibandani mwao kwa saburi kubwa, nami nawastahi, maana hukumu hutujuza kwamba dai halikuthibiti, ila haitujuzi umeme ulikwenda wapi, na hilo ndilo swali la fundi.

Sakiti ilivyoelezwa katika hataza ni hivi: mipigo huingia katika transfoma yenye mizunguko 200 upande wa kwanza na 600 upande wa pili, ikapita kwenye dayodi, kisha kwenye koili nyingine, ndipo ifike kwenye seli, ambayo ni neli mbili za chuma kisichoshika kutu, moja ndani ya nyingine, zenye urefu wa inchi 4, na baina yake mna mwanya wa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi uliojaa maji ya bomba. Meyer aliyahesabu maji hayo kuwa ni kihami cha kapasita, na kapasita ikikutana na koili huwa na frikwensi moja ambayo kwayo umeme huenda na kurudi baina ya hizo mbili, kila mpigo ukiongeza juu ya uliotangulia, mfano wa mtu asukumaye bembea kwa kuvizia marejeo yake. Dhana hiyo ya rezonansi ni sahihi, na redio husimama juu yake. Ila sharti tuulize kama maji ya bomba yanaweza kuihimili.

Na tuhesabu. Maji huongeza uwezo wa kapasita mara 80 hivi kuliko hewa, kwa hiyo seli hiyo, neli yake ya ndani ikiwa na kipenyo cha nusu inchi, hupata nanofaradi 2; tukiiunga na koili ya milihenri 1, frikwensi yao huwa kilohezi 112 hivi, na hapo kapasita huupinga umeme kwa omu 700. Lakini maji ya bomba yana chumvi zake, na kwa mpitisho wa simensi 0.05 kwa mita, ambao ni wa kawaida, maji yaliyomo katika mwanya ule huwa ni njia ya omu 7 tu, sambamba na kapasita yenyewe. Umeme uonao njia mbili kama hizo hupita karibu wote katika ile nyepesi. Chaji iliyowekwa kwa mpigo mmoja, ukiondoa volti moja na ushei inayosalia kwenye nyuso za neli, huvuja kwa sehemu 14 za bilioni ya sekunde, ilhali mpigo wa pili huja baada ya mamia ya muda huo. Kwa hiyo hakuna kitu cha kuongezwa juu ya kingine, na bembea imezama matopeni.

Huenda fundi mwerevu akasema: basi tutie maji safi kabisa, yasiyo na chumvi. Naam, hapo njia ile hupanda kupita omu 60,000, na rezonansi hutokea kweli. Lakini kila molekuli ya haidrojeni hudai elektroni mbili zivuke kutoka chumani, na umeme usiovuka hautoi gesi. Maji yanayoikubali rezonansi ndiyo yanayoinyima gesi.

Mbona basi wako walioiona rezonansi kwenye oskiloskopu? Wameiona, wala hawasemi uongo. Koili ya nyaya mbili zilizosukwa pamoja ina ukapasita wake baina ya waya na waya, hivyo huvuma yenyewe. Mtu aiondoe seli, aweke kizuizi cha omu 7 mahali pake, na wimbi lile atalikuta palepale. Fauka ya hayo, mita za bei nafuu husoma mipigo mikali visivyo, na nguvu iingiayo ikaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kipimo cha haki ni gesi yenyewe, ikusanywe katika chupa yenye alama iliyofudikizwa majini. Kwa kanuni ya Faraday, ampea 1 kwa dakika 1 katika seli moja hutoa sentimita za ujazo 11 na ushei za gesi zote mbili, na nguvu iliyomo ni ya volti 1.48 kwa ampea hiyo. Basi seli ifanyayo kazi kwa volti 2 hurejesha asilimia 74. Saburi ile ya kusuka koili ingelitumika katika kupunguza mwanya, kupanua nyuso za chuma na kutia potashi kali kwa kiasi, volti zingelishuka kuielekea 1.48, na faida ingelipimika. Na kabla ya lolote, bomba la gesi lipitishwe katika chupa ya maji, kwani mchanganyiko huo umebeba oksijeni yake mwenyewe, na moto hurudi ndani ya bomba kasi kuliko mkono uwahio kufunga.