Redio Isiyo na Matumbo

Ukizunguka mikahawa mipya ya Nakuru, hutakosa kuona redio ya transista ya zamani juu ya rafu, imepigwa polishi hadi inang'aa. Nikiuliza kama inaongea, naambiwa ya ndani yote yalitolewa, ikawekwa spika ya Bluetooth. Wenyewe wanaita huo ukarabati. Mimi naona ni kupaka maiti poda.

Redio hizi si ngumu hivyo kufufua. Mara nyingi kinachoziua ni mawe yaliyosahauliwa ndani mpaka yakavuja na kula vyuma vinavyoyashika. Ule mkwaruzo unaosikia ukiongeza sauti huwa ni uchafu tu chini ya kitufe. Kapasita zikikauka, zinabadilishwa, na transista zenyewe mara nyingi bado ziko sawa. Fundi wa mtaani mwenye subira na chuma cha kulehemu anaimaliza hiyo kazi. Kwa hivyo anayetupa matumbo yote hajashindwa. Hajajali tu.

Na hapa Nakuru hilo linauma zaidi. Mawe ya Eveready, yale yenye paka na tarakimu 9, yalitengenezwa mji huu huu hadi kiwanda kilipofungwa 2014, baada ya kubanwa na mawe ya bei rahisi kutoka nje. Kwenye boma lisilo na stima, bila mawe hakukuwa na habari. Agosti 1, 1982, waliofungua redio walimsikia Leonard Mambo Mbotela akitangaza, kwa kulazimishwa na wanajeshi, kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo hiyo, redio ile ile ikasema jaribio limezimwa. Chombo kilichobeba mambo mazito hivyo sasa kinashindana na chungu cha maua.

Utaniambia: sawa, lakini ikipona itashika nini? Nyingi zina masafa ya kati na mafupi pekee, na stesheni zetu siku hizi ziko FM, mtindo ulioshika kasi tangu Capital FM ianze 1996. Swali ni zuri. Usiku, mawimbi yanaposafiri mbali, utanasa idhaa zinazokuja na kupotea, na mvumo mwingi katikati. Lakini hata huo mvumo una habari yake: unakuonyesha nani amehama hewani. Bluetooth inakuchezea tu kile ulichokuwa nacho tayari kwenye simu.

Mkusanyaji ninayemheshimu ni yule anayekuacha uzungushe kitufe mwenyewe. Kasha lake lina mikwaruzo, mkono umefungwa waya, na ukiiwasha inakohoa kwanza. Lakini inaongea.

Kwa hivyo ukiuziwa redio ya zamani, achana na polishi. Fungua mgongo. Ukikuta nyaya mbili na kipande kipya cha plastiki, lipa bei ya spika.