Barua Nzuri, Kazi Haionekani

Nimesoma barua za vijana wa hapa Rughenda wanaoomba kazi ya injinia katika viwanda vya nguo vya Athi River, Kenya. Kiingereza kimesahihishwa, diploma iko. Lakini ugonjwa ni moja mu zote: "Mimi ni mwenye bidii, najua kufanya kazi na wengine." Ukibadilisha anwani, barua ile ile inaweza kuomba kazi ya benki.

Injinia wa kiwanda cha nguo anaishi na saa mkononi. Tuhesabu: washonaji 30, kila mmoja dakika 480 kwa siku, shati moja inaomba dakika 20 za kazi. Jibu ni mashati 720. Yakitoka 432, ni asilimia 60 tu. Zingine zimepotelea wapi? Pengine kwenye kola: kazi inarundikana mbele ya mshonaji mmoja, na anayemfuata anakaa mikono mitupu. Kuona pale na kupanga watu upya, ile njo kazi.

Basi tusiseme "Butembo hakuna kiwanda." Ateliye za kushona ziko. Omba ruhusa, kaa siku moja na saa na daftari, pima kola, mikono, vifungo. Umwambie mshonaji kwamba unapima kazi, haumpime yeye. Kisha andika mu barua ile uliona, na ungebadilisha nini. Mistari mitano ya vile inashinda ukurasa mzima wa kujisifu.