Hodi kwa Farasi

Kijijini kwetu Kitaya, mtu hupiga hodi hata mtoni. Alfajiri, mtumbwi ukiingia Mto Ruvuma, mpiga kafi hugonga ubavu wa chombo, ngo, ngo, ngo, akaiacha sauti itangulie majini. Anamwarifu kiboko kwamba watu wanapita, ili aibuke mapema, aonekane, apishwe. Kiboko aliyeshtukizwa ndiye apinduaye mitumbwi. Wagiriki wa kale walimwita mnyama huyu farasi wa mto, na mimi nilimjua huyo wa mtoni miaka mingi kabla sijamwona wa nchi kavu.

Kwetu farasi hafugwi. Vichaka vya ukanda huu vina ndorobo, na ndorobo hubeba nagana, ugonjwa unaomkondesha farasi hadi anakufa. David Livingstone alitaka kupima iwapo wanyama wengine wangestahimili ndorobo. Machi 1866 alishuka Mikindani na ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu wa mizigo wawili na punda wanne, akashika njia ya kuelekea Ruvuma. Wanyama wale walianza kudhoofika na kufa safarini. Alishuku ndorobo, lakini shajara yake imejaa pia manung'uniko mengine: mizigo iliyozidi, vidonda visivyotibiwa, vipigo vya waliokabidhiwa kuwatunza. Kuwa na mnyama ni jambo moja. Kujua kukaa naye ni ufundi.

Ufundi huo niliuona chini ya Mlima Kilimanjaro, kwenye shamba linalofuga farasi wa kupanda. Saisi wa pale alikuwa mzee mfupi, mwembamba, na farasi aliyemtunza alikuwa na uzito wa kilo 500 hivi. Asubuhi ya kwanza nilitaka kumfuata farasi moja kwa moja kwa nyuma. Mzee alinishika mkono, akaniuliza kama nimepiga hodi.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote. Lakini nyuma kabisa ya mkia haoni, wala mbele kabisa, chini ya pua. Kinachotokea ghafla mahali asipoona, kwake ni simba. Hana muda wa kuuliza: anapiga teke au anakimbia, na teke lake huvunja mfupa. Hakuna ubaya moyoni mwake. Ni hofu tu, na kazi yote ya saisi ni kuizuia hofu hiyo isizaliwe.

Nilimtazama akifanya kazi. Alianza kuongea akiwa bado mbali, kwa sauti ya chini isiyobadilika. Akasubiri sikio moja ligeuke upande wake. Hiyo ndiyo karibu. Masikio yakilala nyuma, yakabanana na shingo, maana yake mlango umefungwa, na mgeni mwenye adabu hausukumi. Akaja kwa upande, akielekea bega la kushoto, akaweka kiganja pale begani kabla ya kugusa popote pengine. Tangu hapo mkono haukutoka mwilini mwa farasi. Alipozunguka nyuma, aliutelezesha mgongoni hadi matakoni, akapita akiwa amemgusa, karibu mno kiasi kwamba teke lingekosa nafasi ya kupata nguvu. Asipopita hivyo, hupita mbali kabisa, hatua kadhaa. Katikati ya hapo ndipo watu huumia.

Kila tendo lake lilikuwa na sababu. Kamba ya kumwongozea aliikunja mkononi kama mshipi wa kuvulia, wala hakuizungusha kiganjani, kwa kuwa farasi akikurupuka mkono uliozungushiwa kamba huenda naye. Aliifunga kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha moja, tena kwenye kitanzi cha uzi mwembamba wa katani, ili mnyama akiingiwa na kiwewe uzi ukatike, shingo ipone. Kusafisha kwato alichuchumaa, hakupiga magoti, maana aliyepiga magoti hawezi kuruka kando. Ukanda wa tandiko aliukaza, akamtembeza farasi hatua chache, kisha akaukaza tena: farasi wengi hukaza tumbo wakati wa kufungwa, baadaye wakalilegeza, na tandiko likabaki linacheza.

Ilipofika zamu yangu ya kupanda, alikagua helmeti kwanza, kisha viatu. Vilitakiwa kuwa na kisigino, na mguu uingie kwenye kikuku kwa sehemu ya mbele tu, ili nikianguka nisinase nikaburutwa. Juu ya tandiko niligundua kwamba hodi haijaisha. Nikishika pumzi, farasi anakaza mgongo. Nikivuta hatamu kwa pupa, anainua kichwa. Mzee alinifundisha kupumua hadi chini tumboni, na kwamba farasi akipiga shoti bila kutakiwa, nimgeuze taratibu katika duara linalopungua, kwani kuvutana naye kwa nguvu ni shindano ambalo kilo 500 hazishindwi.

Jioni aliyempeleka farasi malishoni ni yeye. Alipita langoni, kisha akamgeuza mpaka wakatazamana, yeye mgongo wake ukielekea lango. Mnyama aliyefunguliwa huweza kuondoka kwa furaha akirusha miguu ya nyuma. Akitazamana nawe, hana budi kugeuka kwanza, nawe umepata hatua mbili. Mzee akalegeza hatamu, akaivua polepole, mkono ukabaki begani kitambo. Akasema maneno machache kwa ile sauti ya asubuhi, akarudi hatua moja nyuma, akasubiri.

Farasi alisimama kidogo. Kisha akageuka, akaenda zake kwa hatua za kawaida, kama mgeni aliyeagwa vizuri.