Mkishamshika Nyoka, Mtoto Amejua Nini?

Swali ambalo maonyesho ya nyoka ya familia hulikwepa ni hili: picha ikishapigwa, mtoto anarudi nyumbani na nini?

Nairobi tuna Snake Park, pale Makumbusho ya Kitaifa, Museum Hill. Ilianza 1961, kumaanisha ina umri mkubwa kuliko Kenya huru. Haikuwekwa pale kwa burudani ya Jumapili pekee. Kazi yake ilikuwa kuchunguza nyoka na sumu yao, na kuwafunza watu.

Kipindi cha watoto, kwenye makumbusho ya hapa na ya ng'ambo, kina mtindo wake. Mhudumu anatoa nyoka asiye na sumu. Watoi wanapiga nduru. Mmoja jasiri anagusa, anashangaa: kumbe hatelezi, ngozi ni kavu! Mama anatoa simu. Kisha funzo: msiogope, nyoka ni rafiki.

Kugusa nakuunga mkono. Mkono wa mtoto unaamini kile bango haliwezi kumwambia. Shida yangu ni hilo neno "rafiki".

Desemba ikifika, mtoto huyo wa Kayole anapelekwa ushago, Kitui ama Baringo. Huko kuna kifutu. Kifutu hana haraka ya kukimbia. Anategemea rangi yake, analala kimya kwenye majani makavu mpaka umkanyage. Mtoto aliyepewa ujasiri bila kufunzwa kutofautisha nyoka yuko hatarini kuliko yule mwoga. Hofu ya shosho ina makosa yake, sawa, lakini angalau humfanya abebe tochi.

Na si mambo madogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, wengi wao wa vijijini. Mwaka wa 2017 liliingiza tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa.

Kwa hivyo kipindi kizuri lazima kiwe na nusu ya pili. Usiku vaa viatu. Ukiumwa, usikate kidonda, usinyonye sumu, usifunge kamba, usipoteze muda na jiwe jeusi. Vua pete, tulia, usitumie kiungo kilichoumwa, upelekwe hospitali haraka. Watoto wanaweza kuigiza hayo yote kwa dakika tano, na bado wacheke.

Halafu kuna lugha. Ukimwambia mtoto *black mamba*, na mamba anayemjua kwa Kiswahili ni yule wa mtoni mwenye meno, si umemchanganya tu? Tuna koboko, chatu, kifutu, swila. Swila mkubwa wa Watamu alitambuliwa na wanasayansi kama spishi ya kipekee mwaka wa 2007 tu, akapewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko huko Watamu. Kwa Kiswahili alishakuwa swila kitambo. Mtoto anayejua jina hilo anaweza kumuuliza babu swali, na babu akamjibu.

Wapelekeni, tafadhali. Lakini kabla ya selfie, mwacheni mtoto amuulize mhudumu: "Na yule wa sumu akiniuma, nifanye nini?" Jibu atakalopewa ndilo litakalowaambia kama mmelipia somo ama picha.