Kumla Mtu Ili Umjue

Prototype haikufichi kitu. Dakika ya kwanza tu uko Times Square, siku ya 18 ya balaa, na mkono wako tayari ni upanga. Magari yanapaa, vifaru vinapasuka, watu wanakimbia huku wakipiga mayowe. Wanakukimbia wewe. Halafu geme inakunyang'anya kila kitu na kukurudisha siku ya kwanza, uanze kununua nguvu zako moja baada ya nyingine.

Wasee wengi huimaliza wakasema ni fujo tu. Fujo ipo, sikatai. Waliounda geme hii, Radical Entertainment wa Vancouver, Kanada, walikuwa washafanya mazoezi: mwaka 2005 walitoa The Incredible Hulk: Ultimate Destruction, ambayo kazi yake ilikuwa kuvunja na kuvunja tena. Prototype ilipotoka Juni 2009, nguvu zile zile zilikuwa zimehamia kwa kijana mwembamba aliyevaa hudi, Alex Mercer, anayeamka kwenye meza ya mochari bila kumbukumbu. Kirusi kimetoroka, Manhattan imefungwa, jeshi limeingia. Yeye anataka kujua nani alimfanya hivi.

Kabla ya yote, nisifu mwendo. Unashikilia kitufe kimoja na Alex anapanda ukuta wa ghorofa kana kwamba ni barabara iliyosimamishwa wima. Hatafuti pa kushika, hachoki. Akifika juu anaruka, anateleza hewani, anatua barabara ya tatu huko na lami inapasuka chini yake. Mtu aliyewahi kukaa saa mbili ndani ya matatu pale Mombasa Road ataelewa utamu huu bila kuelezwa. Sijaona geme nyingine iliyonifanya nisahau ramani namna hii. Lakini raha hiyo ina gharama yake. Ukipita juu ya mji kwa kasi hiyo, mji unageuka sakafu. Majengo karibu yote hayana ndani. Watu wa chini ni rangi tu zinazosogea.

Na hao watu ndio chakula chako.

Hapa ndipo geme inapoacha kuwa fujo tu. Ukiumizwa, humezi dawa wala hujifichi nyuma ya ukuta usubiri kupona. Unamkamata mpita njia, unamvuta ndani ya mwili wako, na afya inapanda. Ukitaka, unabaki na sura yake, unatembea katikati ya wanajeshi wakikuona raia wa kawaida. Mara ya kwanza unashtuka. Mara ya kumi unaangalia tu nani yuko karibu.

Wapo wengine ambao geme inakuwekea alama juu yao: wanasayansi wa kampuni ya Gentek, makamanda wa kikosi cha siri kinachoitwa Blackwatch. Hao ukiwala, unaona kumbukumbu zao. Picha zinakatikakatika, sauti zinapishana, sekunde chache na imeisha. Ndivyo hadithi nzima inavyounganishwa, kipande kwa kipande, kutoka kwenye vichwa vya watu uliowaua. Hakuna faili la kusoma mezani litakalokupa uzito huo. Ili umjue mtu, lazima umle. Na ukishamjua, hayupo tena wa kumuuliza swali la pili.

Kinachonikera, na nadhani waandishi wa geme hawakukifikiria sana, ni nani amepewa kumbukumbu na nani amenyimwa. Mama anayepita na mkoba wake, ukimla, hupati kitu ila afya. Hana jana. Wenye jana ni wale wenye vyeo, waliojua siri. Mji mzima unakufa, lakini historia yake imehifadhiwa ndani ya vichwa vya waliouangamiza.

Wiki mbili kabla yake, Mei 2009, ilitoka Infamous ya Sucker Punch kwenye PS3, na watu wakazilinganisha mpaka wakachoka. Cole MacGrath naye ana nguvu za kutisha, za umeme, naye yuko kwenye mji uliofungwa. Tofauti ni kwamba Cole anapewa mtihani wa maadili. Chakula kimeletwa, je, utawaachia watu au utawafukuza ule na wenzako? Ukiwa mwema umeme wako unang'aa buluu, ukiwa mbaya unakuwa mwekundu. Wengi waliona hiyo ndiyo geme yenye akili. Mimi naona ni daftari la mwalimu wa zamu. Prototype haikupi alama za tabia. Inakuachia mtaa na njaa yako, kisha inanyamaza.

Kuna ujanja mmoja mle ambao ungetosha makala yake yenyewe. Ukiwa umevaa sura ya mwanajeshi, unaweza kumnyooshea kidole mwenzako, umsingizie kwamba yeye ndiye Mercer. Wenzake wanageuka na kummiminia risasi hapo hapo. Hakuna anayeuliza kitambulisho. Nilicheka nilipouona mara ya kwanza.

Niliirudia geme hii 2020, Nairobi ikiwa imefungwa, hakuna kuingia wala kutoka, kafyu kila jioni. Sikuchagua kwa sababu ya corona, ilikuwa tu kwenye laptopu. Siku chache baada ya kafyu kuanza tulikuwa tumesikia habari ya mtoto aliyeuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Baada ya hapo, kila nilipopanda ukuta wa ghorofa Manhattan, nilianza kuangalia madirisha. Hakuna mtu nyuma yao. Prototype ina mitaa iliyofungwa na wanajeshi wanaofyatulia umati, lakini haina mtu hata mmoja aliyejifungia nyumbani akisubiri yapite.

Halafu kuna ile siri ya mwisho, na kama hujaicheza acha kusoma hapa. Alex Mercer alishakufa. Alipozingirwa kituo cha Penn Station alikiachilia kirusi makusudi, akapigwa risasi. Kinachotembea na sura yake ni kirusi chenyewe, kilichomla yeye kwanza. Unapojua hivyo, kila kitu ulichofanya kwa vidole vyako kinapata maelezo: kukimbia bila kuchoka, kula bila kuhesabu, kutojali. Geme inajaribu kumpa majuto dakika za mwisho, aokoe mji dhidi ya bomu la nyuklia, na hapo siiamini hata kidogo. Majuto yameandikwa. Vidole vyangu havikufundishwa.

Ninayemwamini ni Dana, dada yake Alex. Ndiye anayemwita kwa jina, anayemtafutia majina ya walengwa, anayemfungulia mlango. Anatekwa, anaokolewa, na akiokolewa hana fahamu. Ukweli kuhusu kaka yake unajulikana baadaye, yeye akiwa amelala. Geme inaisha kabla hajaamka, na aliyekaa na sura ya kaka yake bado yuko huko juu ya mapaa.